Alois Habimana, Kanda 214 na Feni ya Chumba Namba Tatu

Kwa heshima zote, na baada ya vikao vitatu, Uongozi wa Maktaba ya Sauti, Cheyo, unawatangazia wafanyakazi kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, feni ya mezani iliyokuwa Chumba Namba Tatu itahamishiwa mapokezi. Wote walioiomba feni hiyo kwa barua, kwa mdomo, kwa kupita mbele ya Mkurugenzi wakijipepea na mafaili, na yule mmoja aliyeleta cheti cha daktari, wanashukuriwa kwa uvumilivu wao. Uamuzi ni wa mwisho. Kwamba mwandishi wa ukurasa huu anakaa mapokezi ni jambo lililotokea tu.

Feni imepatikana kwa sababu mlinzi wake anastaafu. Ndugu Alois Habimana, Mtunza Kanda Mwandamizi, anaondoka kazini Ijumaa, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minane, akiwa anatimiza miaka sitini. Sitini hiyo ni ya makaratasi. Alifika kambini Ulyankulu mwaka 1972, mtoto wa miaka minane au saba au tisa, ameshikwa mkono na mama yake, na karani aliyekuwa akiwaandikisha wakimbizi siku hiyo aliwapa watu wote wa foleni ile tarehe moja ya kuzaliwa, Julai mosi. Kwa hiyo Alois ana mapacha wapatao mia tatu, baadhi yao wazee kuliko mama yake, na kila mwaka hajui aanze kumtakia heri nani.

Maktaba hii alifika kwa kubeba mzigo. Julai 1986 alikuja mjini kununua tairi la baiskeli, akakuta stesheni pamesimama Mwalimu Everard Joachim, mtu mrefu mwenye kofia ya ukindu, anatafuta wanaume wenye shingo imara. Mwalimu Joachim alitoka kisiwa kimoja cha Karibi, kisiwa ambacho kwenye ramani ya ofisi yetu hakionekani kwa sababu ndipo ilipochomekwa pini. Alikuwa amefundisha historia hapa Tabora miaka mingi. Rafiki zake wa nyumbani walifanya kazi redioni, na serikali ya kule ilikuwa na tabia ya kuingia studio na kutoka na kanda chini ya kwapa. Basi kila walichorekodi walinakili mara mbili, nakala moja ya kunyang'anywa na nyingine ya kupelekwa Tabora, ambako waliamini, na hawakukosea, kwamba hakuna mtu angekuja kuitafuta.

Masanduku ya mwisho ya kanda hizo yalikwama Kigwa siku tatu pamoja na treni. Yalipofika, lori la kuyachukua halikuwa na dizeli. Yakaingia mjini kichwani, masanduku kumi na moja kwa safu, na mzee mmoja wa Cheyo aliyekuwa amekaa barazani alisema hajasikia mambo kama hayo tangu babu yake alipokuwa akisimulia pembe za ndovu zilivyobebwa kutoka Ujiji. Alois alikuwa wa tatu kwenye safu. Njiani aliuliza:

"Mwalimu, humu ndani mna nini?"

"Watu," Mwalimu alijibu.

"Basi wamekonda."

Mwalimu alicheka mpaka akasimama, kisha akamwajiri kwa wiki moja, apanguse vumbi. Wiki hiyo inamalizika Ijumaa.

Kwa wageni wetu watakaohudhuria sherehe ya kumuaga, tuseme kanda zenyewe ni nini. Ni kanda za duara, kubwa kama sahani ya wali wa watu wawili, mia mbili na kumi na nne. Humo wamo makuli wa bandarini walio kwenye mgomo, wakata miwa wanaodai ardhi, wanafunzi wanaoandamana kwenye mvua, barua zilizotoroshwa gerezani zikisomwa na mtangazaji ambaye ni dhahiri amefunga mlango kwa kiti. Zimo pia Jumapili. Kila Jumapili jioni, kwa muda wa miaka minne, redio ile ilisoma majina ya wafungwa wa kisiasa wa kisiwa kile, watu ishirini na saba waliofungwa bila kesi, jina moja moja, taratibu, na mwisho kabisa mtangazaji aliongeza: na wengine tusiowajua majina.

Kanda ikikaa muda mrefu bila kuzungushwa inajishika yenyewe, sauti ya mzunguko mmoja inavujia mwingine. Mwalimu Joachim alimfundisha kijana wake kuzizungusha zote kila kiangazi. Alichosahau kumwambia ni kwamba zinaweza kuzungushwa haraka, kimyakimya. Alois alizipiga zote mwanzo hadi mwisho, kwa visikizio masikioni, kila mwaka, kwa miaka saba, kabla mtu hajamwonyesha kitufe cha haraka. Alikitazama, akashukuru, akaendelea kama zamani.

Matokeo yake tumeishi nayo. Kwanza, salamu. Ukimwambia shikamoo asubuhi akiwa na visikizio, marahaba yako inakuja saa nne, ukiwa kwenye chai, na wewe umeshasahau ulimsalimu nani. Pili, Kiingereza chake. Alikipata chote kwenye kanda, kwa hiyo hawezi kuomba kalamu kwa lugha hiyo bila kusikika anaitisha mgomo. Mwaka 1999 alikuja mgeni wa ubalozi fulani kutuona, Alois akaombwa aseme maneno mawili ya kumkaribisha. Alisema ya dakika kumi na mbili. Mgeni alipoondoka alikuwa ameahidi kuongeza mishahara ya wakata miwa, wasiojulikana wako wapi.

Tatu, habari zake huchelewa. Asubuhi moja ya 1986 aliingia ofisini mbio, machozi yanamlengalenga, akatangaza kwamba mtu wa tisa kwenye orodha ya majina ameachiwa. Hakusomwa! Jumapili ile hakusomwa, na mtangazaji alisikika anatabasamu! Tukapiga makofi, tukaagiza soda, mtu akaomba sala. Ilipofika chupa ya pili ndipo Mwalimu Joachim alipoeleza kwamba bwana huyo aliachiwa mwaka 1977 na kwamba sasa ana duka la viatu. Alois hakuona tatizo liko wapi. Alisema yeye amepata habari leo.

Lazima tulitaje pia suala la kwaya, ingawa ameomba tusilitaje. Mwaka 1991 kwaya ya vijana ya parokia iliomba kanda tupu ya kurekodia. Mtu wa stoo, ambaye sasa ni marehemu na hatutamsema, akawapa namba 88. Alois aligundua baada ya dakika kumi na moja za wimbo. Ukiisikiliza leo, kiongozi wa makuli anafikia mahali anaposema wenzetu hawatatoka mpaka sisi tu..., na hapo hapo wanaingia vijana wa Tabora kwa kayamba na shangwe. Alikwenda mazoezini kwao amefura. Prosperi, mwalimu wa kwaya, anasimulia hivi: "Aliingia kutugombeza, alipofika kwa sauti ya pili akasahau alichokuja kusema." Sauti ya pili alikuwa Stela. Wamekaa pamoja miaka thelathini na moja, wana watoto wanne, na namba 88 haijafutwa. Kadi yake inasema: *Dakika 11, kwaya. Wa pili kutoka kushoto anaimba vizuri.* Jinsi alivyojua kutoka kwenye kanda nani yuko kushoto, hilo ni la kitaalamu.

Mwalimu Joachim alifariki mwaka 1993, akazikwa hapa hapa Tabora. Miaka mitatu baadaye kanda zilianza kunata. Ukiiweka moja kwenye mashine inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa, na unga mweusi unabaki kwenye kichwa cha mashine; unga huo ndio sauti yenyewe. Ikaamuliwa zitupwe. Alois aliomba wiki mbili. Mama yake kule Ulyankulu alikuwa amelima tumbaku, na mtoto alikulia kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akigeuza majani na kuchungulia moto. Aliinusa kanda, akaishika, akasema hii imenyonya unyevu tu, hii ni ya kukaushwa. Akachukua kabati la mbao, akafunga balbu nne chini, akatoboa matundu, akaazima feni ya Mkurugenzi wa wakati ule ili joto litembee sawasawa. Moto mdogo, saa nane, geuza kila saa. Kanda ya kwanza ilitoka ikazungumza kama mtu aliyetoka kuoga. Miaka mingi baadaye tulisikia kwamba nchi zenye mitambo hufanya hivyo hivyo, ila tanuri lao lina vitufe.

Hiyo ndiyo historia ya feni. Iliazimwa kwa wiki mbili mwaka 1996. Ni feni pekee mkoani inayopepea kitu kisichotoka jasho, na sisi tunaotoka jasho tumepita mbele yake kila Oktoba kwa miaka ishirini na nane, tukiitazama.

Sasa tufike kwenye kadi. Kila kanda Alois aliiandikia kadi, na kadi zake zilikuwa aibu ya ofisi. Hakuandika mada. Aliandika alichosikia: jogoo, mvua kwenye bati, mtu ana mafua, mtu anavuta kiti, mbwa wa mbali, mbwa wa karibu. Mwaka 2004 aliletwa mtaalamu wa kupanga kumbukumbu, akazisoma kadi kumi, akavua miwani.

"Ndugu yangu, kuku si taarifa."

Alois alijibu kwa upole kwamba kuku walikuwepo.

Mtaalamu aliandaa orodha mpya, safi, ya tarehe, mada na msemaji, na akaagiza kadi zichomwe. Alois alisema ndiyo mzee. Kisha akazifungasha kwenye maboksi manne, akayaandika *Kumbukumbu za Vikao*, akayaweka rafu ya juu. Hazikuguswa na mtu kwa miaka kumi na minane.

Machi 2022 ilifika barua pepe kutoka kisiwani, kutoka kwa mama mmoja aitwaye Verlyn, aliyepata habari zetu kwa mpwa wa Mwalimu Joachim. Baba yake alikuwa mmoja wa wale ishirini na saba. Mama yake aliwahi kusema redioni, nje ya lango la gereza, kumdai mumewe. Mama huyo amefariki, na hakuna mahali popote sauti yake ilipobaki, kwa sababu kumbukumbu za redio ya kule ziliondoka na paa siku ya kimbunga. Tarehe Bi. Verlyn haijui. Mwaka hana hakika nao. Alikuwa na miaka mitano, na anachokumbuka siku hiyo ni njaa tu.

Tulifungua orodha safi ya mtaalamu. *Msemaji: mwanamke, hajulikani.* Walikuwa arobaini na sita. Bi. Katarina Kasanda, Mkurugenzi wetu, akaanza kutunga jibu la kusikitika. Alois alisoma barua mara mbili, akavua visikizio, jambo ambalo wengine hatukuwahi kuliona kabla ya saa kumi, akapanda kiti, akashusha Kumbukumbu za Vikao. Ilimchukua dakika kama kumi.

*Namba 140. Mwanamke, lango la gereza. Anamdai mumewe. Ana mafua. Jogoo mara mbili. Mtoto anaomba mkate, anaambiwa angoje.*

Najiat, fundi wetu wa kompyuta, alimpigia Bi. Verlyn simu ya picha, akaielekeza kwenye spika. Tulijazana mlangoni. Yule mama wa kwenye kanda alisema kwa ukali na kwa mafua, kisha kikasikika kisauti kidogo pembeni, naye akakatiza hotuba: subiri kwanza mwanangu, mama anazungumza na dunia. Akaendelea. Kanda ilipoisha, Alois aliizima mashine. Halafu mwanamke wa miaka hamsini na kitu akauliza:

"Nilipewa huo mkate?"

"Kwenye kanda haumo," Alois alimwambia, kwa kile Kiingereza chake, na kwa mara ya kwanza hakikusikika kama mgomo. "Lakini hukuomba tena. Mimi nafikiri ulipewa."

Siku hiyo tulipokuwa tunazirudisha kadi ndipo baadhi yetu tulipozisoma. Ile ya namba 9, kanda ya Jumapili ya kwanza ya majina, ameorodhesha wote ishirini na saba, akaandika mlango unagongwa, mtangazaji anakunywa maji. Chini kabisa, mbele ya *na wengine tusiowajua majina*, ameongeza kwa kalamu nyingine: *Baba namweka hapa.* Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ng'ambo ya mpaka. Alichukuliwa darasani mwaka 1972, na hakuna redio iliyomsoma. Kwa miaka thelathini na minane Alois hajatuambia neno juu ya hilo, na sisi tulidhani anapenda kuku.

Kisiwani waliomba nakala za kanda zote. Uongozi ulikubali kwa moyo mweupe, kisha kikao kilichofuata, kwa moyo huo huo, kikaamua kwamba Alois akistaafu Chumba Namba Tatu kigeuzwe ukumbi mdogo wa mikutano, na ile mashine moja inayofanya kazi ipelekwe stoo. Maana yake ilikuwa nyepesi: kitakachokuwa hakijanakiliwa Ijumaa ya tarehe 28 hakitanakiliwa. Stoo yetu tunaijua. Baiskeli ya ofisi iliingia humo mwaka 2009.

Kanda moja inataka saa nane kabatini, kisha muda wake wote wa kupigwa, na umeme wa kukubali mambo yote mawili. Alois na Najiat walianza. Mkanda wa mashine ulikatika, Alois akakata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na makuli wakaongea kwa pupa kidogo mpaka Najiat aliposawazisha. Nyoka alikutwa kabatini, amelala vizuri kwenye joto, akaondolewa kwa heshima iliyotustaajabisha. "Mzee, pumzika basi hata kesho," Najiat alimwambia siku ya Pasaka. Alijibu kwamba kesho ana wakata miwa. Tumeshuhudia mtu anayetakiwa kumalizia likizo yake akija kazini kwa kujificha, akipita mlango wa nyuma, kana kwamba hatumjui kwa kofia.

Tunapoandika haya, Jumatano, zimekamilika kanda mia mbili na kumi na tatu. Iliyobaki ni namba 9. Aliiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyochakaa zaidi, na ndiyo iliyochakaa zaidi kwa sababu amekuwa akiipiga hata nje ya kiangazi, akidhani hatusikii. Inanata vibaya. Ameiingiza kabatini mchana huu na amekataa chai. Anasema hii haitoki kwa saa nane, itakaa mpaka kesho, kwa moto mdogo kuliko zote.

Ndugu Alois, Maktaba inakushukuru kwa kubeba sanduku na kutolitua. Tunakushukuru kwa kutotii kwa adabu, maana umetufundisha kwamba ndiyo mzee ina matumizi mengi. Nenda Ulyankulu na Bi. Stela, ulime mahindi na karanga. Tumbaku umeshaikausha ya kutosha. Mvua ikunyeshee kwa wakati, wajukuu wakukimbilie, mgongo ukutii. Mtu akikupa shikamoo shambani, jitahidi umwitikie siku hiyo hiyo. Tunakuombea miaka mingi ya afya na utulivu, na tarehe 1 Julai tutakutakia heri ya kuzaliwa, wewe kwanza, kabla ya wale wengine mia tatu.

Nyongeza ya Ijumaa asubuhi. Kurasa zilizotangulia zilichapwa Jumatano jioni na haziwezi kubadilishwa. Kanda namba 9 ilitoka kabatini jana, Alhamisi, saa nane mchana, ikapigwa yote, ikanakiliwa. Majina ishirini na saba yanasikika. Mlango unagongwa, mtangazaji anakunywa maji, na wale wengine nao wanasikika wakitajwa.

Feni imeungua.